Tofauti si Kasoro: Lugha ya Picha za Ateri za Kichwa na Shingo, Kitale na Bungoma

Utangulizi

Mjadala kuhusu uwezo wa Kiswahili wa kueleza sayansi umeendeshwa kwa miaka mingi kana kwamba ni suala la darasani pekee. Tumebishana iwapo fizikia na biolojia zinaweza kufundishwa kwa lugha hii, tukaorodhesha istilahi, tukazitetea au kuzikejeli, kisha tukarejea katika tasnifu zetu. Wakati huo wote, sayansi yenyewe imekuwa ikizungumza na wananchi mahali pengine kabisa, yaani hospitalini. Mkulima wa mahindi kutoka Kiminini au mama mchuuzi kutoka Chwele anapopigwa picha ya shingo, hukabidhiwa bahasha yenye ripoti ya Kiingereza kizito kilichosheheni Kilatini. Siku hiyo hakuna sayansi nyingine inayomhusu kuliko hiyo, kwa kuwa inauzungumzia mwili wake.

Makala haya yanashughulikia aina moja tu ya ripoti hizo. Ni zile zinazogundua kwamba ateri za kichwa na shingo za mtu fulani zimeumbika tofauti na zinavyochorwa vitabuni. Nimeichagua aina hii kwa makusudi. Kueleza ugonjwa kwa Kiswahili si kazi ngumu mno, kwani maneno kama kiharusi, saratani na shinikizo la damu yamekwisha kuzoeleka. Lililo gumu ni kueleza jambo ambalo si ugonjwa, lakini ambalo daktari hana budi kulijua. Hoja yangu ni kwamba ugunduzi wa namna hiyo haukamiliki mpaka mwenye mwili aelezwe kwa lugha anayoielewa, na kwamba sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna wajibu katika kukamilika huko.

Mwili hausomi vitabu

Vitabu vya anatomia hutuonyesha mpangilio mmoja. Kutoka katika upinde wa aota, yaani ateri kuu itokayo moyoni, huchipuka matawi matatu. La kwanza hugawanyika likawa ateri ya mkono wa kulia na karotidi ya kulia. La pili ni karotidi ya kushoto, na la tatu ni ateri ya mkono wa kushoto. Karotidi mbili hupanda upande wa mbele wa shingo, nazo ateri mbili za vetebra hupanda nyuma zikipitia katika matundu ya mifupa ya shingo. Chini ya ubongo, matawi ya ateri hizi nne hukutana na kufanya duara lililopewa jina la Thomas Willis, daktari Mwingereza aliyelieleza katika kitabu chake cha mwaka 1664. Faida ya duara hilo ni kwamba njia moja ikiziba, damu huweza kuufikia ubongo kwa njia nyingine.

Huo ndio mchoro. Mwili nao una mambo yake. Tafiti zilizofanywa katika nchi mbalimbali zinaonyesha kwamba duara la Willis lililokamilika kama lilivyochorwa hupatikana kwa takriban nusu ya watu tu, na katika baadhi ya tafiti kwa wachache zaidi. Kwa zaidi ya mtu mmoja katika kila kumi, karotidi ya kushoto haijitegemei bali huanzia pamoja na tawi la kwanza. Kwa takriban watu 5 katika kila 100, ateri ya vetebra ya kushoto huchipuka moja kwa moja kutoka katika upinde wa aota. Aidha, wapo watu wachache, pengine mmoja katika kila 100 au 200, ambao ateri yao ya mkono wa kulia huchipuka mwisho kabisa, upande wa kushoto, kisha ikavuka kwenda kulia, aghalabu kwa kupitia nyuma ya umio. Wengi wa watu hawa huishi hadi uzeeni bila kujua lolote. Wala jambo hili si la miili ya Ulaya pekee. Wataalamu wa Idara ya Anatomia ya Binadamu ya Chuo Kikuu cha Nairobi wamechunguza matawi ya upinde wa aota na ateri nyingine za Wakenya, nao wamekuta tofauti za namna hii.

Yamkini msomaji atauliza: ikiwa watu hawa wanaishi salama, kuna haja gani ya kuwasumbua? Jibu limo katika mfano mmoja unaopaswa kumgusa kila mpenzi wa lugha. Neva inayoendesha zoloto upande wa kulia, ambayo bila yake sauti hukwaruza au hupotea, kwa kawaida hushuka hadi chini ya ateri ya mkono wa kulia, ikajipinda chini yake, kisha ikapanda tena kuelekea kooni. Kwa mtu ambaye ateri hiyo imechipuka upande wa kushoto, neva haina cha kujipindia. Hukata moja kwa moja shingoni hadi kwenye zoloto. Daktari wa upasuaji anayeondoa rovu akitarajia kuikuta neva mahali ilipo kitabuni, anaweza kuikata bila kukusudia. Mgonjwa aliyeingia chumbani akiwa na uvimbe wa shingo hutoka bila uvimbe, na bila sauti yake pia.

Mifano mingine ni ya aina hiyohiyo. Wapo watu wenye ateri ndogo ya ziada inayopanda mbele ya koo la hewa hadi kwenye tezi ya shingo. Ateri hiyo inaweza kutoa damu nyingi pale daktari anapotoboa koo kwa dharura ili mgonjwa apumue. Wapo ambao karotidi yao imejipinda ikapita karibu sana na ukuta wa nyuma wa koo, mahali ambapo daktari anayeondoa mafindofindo hatarajii kuikuta. Na mtaalamu anayepitisha mrija kutoka kwenye paja hadi ubongoni ili kuondoa bonge la damu kwa mgonjwa wa kiharusi, hupoteza dakika za thamani asipojua mapema jinsi matawi ya aota yalivyopangika. Usilolijua ni usiku wa giza, na katika upasuaji giza hilo huwa na damu.

Picha zilivyotufikia

Kabla ya picha za kitabibu, tofauti hizi zilionekana kwa maiti au katikati ya upasuaji, wakati ambapo kujua kulikuwa kumechelewa. Wilhelm Röntgen aligundua eksirei mwaka 1895. Mwaka 1927, huko Lisbon, daktari Mreno Egas Moniz alidunga dawa ya kung'arisha picha katika ateri ya shingo, na kwa mara ya kwanza ateri za ubongo wa mtu aliye hai zikaonekana katika eksirei. Mwaka 1971 mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya ubongo kwa skani ya kompyuta jijini London. Godfrey Hounsfield, aliyebuni mashine hiyo, alitunukiwa Tuzo ya Nobeli mwaka 1979 pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg. Bara letu basi si mgeni kabisa katika historia hii.

Siku hizi njia ni kadhaa. Ultrasaundi hutumia mawimbi ya sauti, haina mionzi, nayo huonyesha vizuri karotidi zilizo shingoni, ingawa haioni vyema yaliyojificha kifuani na nyuma ya mifupa. Hata hivyo, mpimaji makini anayeelekeza kifaa chake chini ya shingo upande wa kulia anaweza kuona iwapo tawi la kwanza la aota linagawanyika kama inavyotarajiwa, na hivyo kumtahadharisha daktari wa upasuaji kuhusu neva ya sauti. Skani ya kompyuta, baada ya mgonjwa kudungwa dawa yenye ayodini mkononi, huonyesha mti mzima wa ateri kutoka moyoni hadi ubongoni. Skani ya sumaku nayo huweza kuonyesha mtiririko wa damu hata bila dawa hiyo.

Kwa muda mrefu safari ya uchunguzi wa kina kutoka Kitale au Bungoma ilielekea Eldoret, katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, au Nairobi. Mwaka 2015 serikali ya kitaifa ilianzisha mpango wa kukodi vifaa vya matibabu, vikiwemo vya radiolojia, kwa ajili ya hospitali mbili katika kila mojawapo ya kaunti 47. Bungoma ina hospitali yake ya rufaa ya kaunti, na Kitale imepata hospitali ya mafunzo na rufaa iliyopewa jina la Wamalwa Kijana, makamu wa rais aliyefariki mwaka 2003. Vituo vya binafsi pia vimefunguliwa mijini. Mashine basi zinasogea karibu na wananchi. Swali ni iwapo maana nayo inasogea.

Ikumbukwe kwamba picha ya dijitali inaweza kupigwa Bungoma na kusomwa na mtaalamu aliye mji mwingine. Anayeisoma hamwoni mgonjwa, na anayemwona mgonjwa huenda hakuisoma picha. Kati yao kuna karatasi moja tu. Karatasi hiyo ikiwa katika lugha ambayo mgonjwa haielewi, basi katika mnyororo mzima wa watu hao yeye ndiye pekee asiyejua kilichoonekana ndani yake.

Mzigo wa neno mshipa

Hapa ndipo Kiswahili chetu kinapotakiwa kujichunguza. Neno mshipa katika mazungumzo ya kawaida hubeba mzigo mkubwa mno. Ateri ni mshipa, vena ni mshipa, neva ni mshipa. Mtu aliyeteguka kano husema mshipa umeruka, na mwanamume mwenye ngiri husemekana ana mshipa. Katika ushairi upana huu wa maana ni neema. Katika chumba cha daktari ni hatari. Daktari akisema mshipa wako, mgonjwa huchagua maana anayoiogopa zaidi.

Neno la pili lenye mzigo ni kawaida. Tukisema kitu si cha kawaida, hatumaanishi tu kwamba ni tofauti. Huwa tunadokeza balaa. Amu yangu mmoja, mkulima wa Kamukuywa, alipigwa picha ya shingo katika kituo nisichokitaja, kwa sababu ya kizunguzungu. Ripoti ilieleza tofauti ya kimaumbile isiyo na madhara katika ateri ya vetebra. Alichoambiwa kwa haraka, akiwa amesimama ukumbini, ni hiki: "Mzee, mishipa yako ya kichwa si ya kawaida." Alirudi nyumbani, akaacha baiskeli, akaacha shamba, akawaita wanawe wote ili awagawie ardhi kabla mshipa haujapasuka. Majuma matatu yalipita kabla ya mhudumu mwingine kuketi naye na kuisoma ile karatasi polepole.

"Kwa hivyo mimi si mgonjwa wa mishipa?" aliuliza.

"La, mzee. Ulizaliwa hivyo. Hicho kizunguzungu tutakitafutia sababu nyingine."

Sentensi hizo tatu fupi za Kiswahili zilimrudishia shamba lake. Mashine ilikuwa imefanya kazi yake kikamilifu tangu siku ya kwanza. Lililokosekana ni maneno.

Si kwamba lugha nyingine zimefaulu zaidi. Wale ambao karotidi yao ya kushoto huanzia pamoja na tawi la kwanza, madaktari wanaotumia Kiingereza huwaita watu wenye upinde wa ng'ombe. Mwaka 2006 kundi la wataalamu wa Marekani lilichapisha makala likionyesha kwamba jina hilo ni potofu, kwa sababu ng'ombe mwenyewe hana mpangilio huo: kwake hutoka shina moja kubwa ambalo hugawanyika baadaye. Licha ya hayo jina limeendelea kutumika. Hebu tufikirie mfasiri mwenye haraka akimwambia mzee wa Kibukusu, aliyechinja na kupasua ng'ombe maisha yake yote, kwamba ana mshipa wa ng'ombe shingoni. Atakasirika, na atakuwa na haki, kwa adabu na kwa anatomia pia. Kutafsiri neno kwa neno si kuunda istilahi.

Funzo kutoka lahaja zetu

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunao tayari mfano wa kueleza tofauti isiyo kasoro. Kiunguja kilipoteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaundwa mwaka 1930 kusimamia usanifishaji, Kimvita na Kiamu havikugeuka kuwa Kiswahili kigonjwa. Vilibaki lahaja kamili zenye sarufi na fasihi iliyokomaa. Usanifu ni makubaliano ya kufundishia. Haukuwa hukumu juu ya uhai wa lahaja nyingine. Mchoro wa kitabu cha anatomia nao ni usanifu wa aina hiyo. Unasaidia kufundisha, lakini anayeuchukua kuwa ndio mwili wenyewe hupotea. Ateri iliyochipuka mahali pengine ni lahaja ya mwili.

Ulinganishi huu una mpaka wake. Mtahini asiyeijua Kiamu atamkosesha mtahiniwa alama. Daktari wa upasuaji asiyeijua lahaja ya shingo iliyo mbele yake anaweza kumnyima mtu sauti au uhai. Kwa sababu hiyo, kumwambia mgonjwa kwamba tofauti yake si ugonjwa ni nusu ya maelezo. Nusu ya pili ni kumwambia nani anapaswa kuijua, na lini.

Pingamizi mbili

Wapo watakaosema kwamba istilahi za Kilatini na Kigiriki ni za kimataifa, na kwamba kuzigusa ni kuvuruga sayansi. Sipendekezi madaktari waache kuzitumia baina yao. Hata hivyo, tusiziogope kupita kiasi. Jina karotidi linatokana na neno la Kigiriki linalohusu kulewa usingizi, kwa kuwa wahenga wa huko waliona kuwa ateri hizo zikibanwa mtu huzimia. Neno ateri nalo ni la enzi ambapo baadhi ya matabibu waliamini kuwa mirija hiyo hubeba hewa, hadi Galeni alipoonyesha kwamba hubeba damu. Wagiriki walitaja walichokiona kwa lugha waliyokuwa nayo. Hakuna amri inayotukataza kufanya vivyo hivyo.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi. Husemwa kwamba mgonjwa wa Mlima Elgon huzungumza Kisabaoti, wa Malakisi Lubukusu au Kiteso, na kwamba Kiswahili nacho huenda kikawa kigeni kwa ajuza wa kijijini. Ni kweli. Lakini muuguzi anayemweleza ajuza huyo kwa Kisabaoti atavuka kwa urahisi zaidi akianzia kwenye sentensi safi ya Kiswahili kuliko akianzia kwenye Kilatini kilichovishwa Kiingereza. Kiswahili hapa ni daraja. Hakiji kuzinyima lugha za kwanza nafasi yake.

Isitoshe, jambo hili si hisani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, katika kifungu cha 8, inamtaka mhudumu wa afya amweleze mgonjwa hali yake, pale inapowezekana, kwa lugha anayoielewa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha elimu. Maneno "pale inapowezekana" yasiwe maficho. Sisi tunaoisomea lugha hii ndio tunaoweza kufanya iwezekane.

Mapendekezo

Kwanza, tutenganishe maneno. Ateri iwe mrija unaotoa damu moyoni, vena mrija unaoirudisha, neva uzi unaopeleka hisi na amri za mwili, na kano kiunganishi cha msuli na mfupa. Mshipa libaki neno la jumla, lisitumike peke yake katika maelezo ya picha. Maneno haya si mageni. TUKI ilichapisha Kamusi ya Tiba mwaka 2003, na istilahi za biolojia zilitangulia. Kinachokosekana ni kuzitoa maktabani.

Pili, tutumie istilahi tofauti ya kimaumbile kwa lile umbo ambalo mtu amezaliwa nalo na si ugonjwa, na tuiweke mbali na kasoro, ugonjwa na jeraha. Maneno haya manne yakichanganywa, mgonjwa huogopa asichopaswa kuogopa na hupuuza asichopaswa kupuuza.

Tatu, kila ripoti yenye ugunduzi wa namna hii iambatane na muhtasari wa Kiswahili wa sentensi chache, unaojibu maswali matatu: kimeonekana nini, je, ni ugonjwa, na nani anapaswa kujua. Kwa mfano: "Ateri ya mkono wako wa kulia inapita mahali tofauti na ilivyo kwa watu wengi. Umezaliwa hivyo, si ugonjwa. Kabla ya upasuaji wowote wa shingo au kifua, mwonyeshe daktari karatasi hii." Mtu aweza kuihifadhi karatasi hiyo pamoja na kitambulisho chake. Siku atakapohitaji kuondolewa rovu, iwe ni Webuye au Nairobi, ataingia akiwa na habari ambayo pengine hakuna mwingine katika chumba hicho aliye nayo.

Nne, kazi hii isifanywe na wanaisimu peke yao mezani. Bungoma ina Chuo Kikuu cha Kibabii, na KMTC inawafunza wahudumu wa afya katika miji yote miwili. Wanafunzi wa Kiswahili na wanafunzi wa utabibu waketi pamoja, wazisome ripoti zilizoondolewa majina ya wagonjwa, waandike muhtasari, kisha waujaribu kwa wasikilizaji wa kawaida sokoni na kanisani. Sentensi ambayo mchuuzi wa Chwele hawezi kuirudia kwa maneno yake mwenyewe irudishwe mezani.

Hitimisho

Nitaulizwa mwanafunzi wa fasihi anatafuta nini katika shingo za watu. Anatafuta kile anachokitafuta katika matini yoyote: maana, na anayestahili kuipata. Ripoti ya picha ni matini fupi yenye msomaji mmoja aliye muhimu kuliko wote, na hadi leo msomaji huyo ndiye asiyeandikiwa. Kila tarehe 7 Julai tunaadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani, ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021, na tunaisifu lugha hii kwa mashairi na maandamano. Ni vyema. Lakini lugha huheshimika zaidi inapotumwa kazi ikaimaliza. Wanachama wenzangu, mwaka huu tusitosheke na kuisifu. Twende hospitalini na kalamu, tuanze na sentensi tatu.